Mzazi Ndani ya Mruka

Dirisha la chumba cha nyuma katika nyumba ya Hanna, kule Nkoaranga, Meru, halijafunguliwa tangu mwaka jana. Watu wanaopanda kwa miguu kwenda hospitali bado hugeuza shingo wakifika kwenye kona ya migomba yake. Ni mazoea tu. Kwa karibu miaka arobaini, kila ilipofika Septemba hadi mwaka mpya, hapo palisikika sauti ya mwanamke akiamkia mti. "Mzazi, umeamkaje?" Wageni walidhani kuna mtu aliyelazwa ndani. Wenyeji walicheka wakaendelea kupanda. Sasa kona imenyamaza, na juu ya migomba pana anga, anga pana kupita kiasi, na mtu anayepita kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na kitu.

Palikuwa na mruka. Ulikuwa mti wa kivuli cha kahawa, ambao hata babu wa marehemu Sifaeli, mume wa Hanna, aliukuta umesimama. Matawi yake yalijitandaza juu ya kihamba, shamba la nyumbani, kama mkeka ulioanikwa, na kahawa ikakaa chini yake kwa utulivu, jua likiifikia kwa vipande vipande. Kwa urefu wa watu watatu kutoka chini kulikuwa na tundu, mahali ambapo tawi lilivunjika zamani na mti ukaoza polepole kwa ndani. Tundu hilo ndilo lililokuwa nyumba ya ndege aitwaye hondohondo.

Hanna alifika hapo mwaka 1985 akiwa bibi harusi kutoka Akheri. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Oktoba, akajifungua mtoto wake wa kwanza, Arnold. Siku zile mzazi alikuwa mzazi kweli. Miezi mitatu hakushika jembe wala hakwenda mtoni. Alikaa chumba cha nyuma, akaletewa mtori, maziwa na nyama iliyopikwa kwa siagi, na kazi yake ilikuwa kunyonyesha na kunenepa. Hanna, aliyezoea kukimbia tangu utotoni, aliona siku ni ndefu kama mstari wa kahawa usio na mwisho. Akawa anakaa dirishani anatazama mruka.

Hapo ndipo alipomwona yule dume. Ndege mkubwa mweusi, mgongo mweupe upande wa chini, na juu ya mdomo amebeba pembe nene ya rangi ya siagi, kama mtu aliyejitwika mzigo akasahau kuutua. Mabawa yake yalivuma hata kabla hajaonekana. Alitua kwenye tundu lililozibwa kwa udongo mgumu, likabaki na ufa mwembamba tu. Kisha akaanza kutoa matunda kooni, moja moja, na kuyapitisha kwenye ule ufa. Ncha ya mdomo mwingine ilitokea ndani ikapokea.

"Nani yuko mle?" Hanna alimuuliza mama mkwe wake, aliyekuwa ameingia na bakuli la mtori.

Mama mkwe alichungulia, akaweka bakuli chini. "Mwenzio," akasema. "Ameingia, amejifungia, mume anamlisha. Tena yule mume hanung'uniki kama huyu wa kwangu niliyekuzalia. Kula, mtori unapoa."

Hanna alicheka mpaka mtoto akashtuka. Tangu siku hiyo hakuwa peke yake. Kila asubuhi alimwamkia mwenzake wa mtini, na siku alipotolewa nje, mwanzoni mwa Januari, amepakwa mafuta na kuvikwa kanga mpya, aliinua macho akaona ukuta wa udongo umebomolewa. Mwenzake naye alikuwa ametoka. Mama mkwe akawaonyesha wanawake waliokuja kumpongeza: "Mnaona? Wametoka pamoja. Huyu Arnold ana pacha mwenye mabawa." Utani huo ulimfuata Arnold hadi shuleni, akapigana mara mbili kwa ajili yake.

Miaka ikaenda. Zamani, kati ya kanisa na kijito, ungeweza kuhesabu miti saba mikubwa yenye matundu, na asubuhi hondohondo walipiga kelele mchungaji akalazimika kusubiri. Kisha kahawa ikawachosha watu. Aliyeng'oa kahawa hakuona tena haja ya kivuli. Mmoja alikata mti ajenge vyumba vya kupangisha, mwingine apande nyanya zinazotaka jua, mwingine kwa kuwa mti ulikuwa mzee na watoto wanacheza chini yake. Kila mti ulikuwa na sababu yake, na kila sababu, ukiisikiliza peke yake, ilikuwa ya haki. Hanna hakugombana na mtu. Siku moja tu, akitoka ibadani, aligundua kwamba mahubiri yamekwisha bila kukatizwa na ndege hata mmoja.

Kilichowashangaza watu zaidi ni misesewe. Hakuna aliyewahi kuupanda mti huo. Ulikuwa unaota wenyewe katikati ya migomba, na wapika mbege walibandua gamba lake kuitia pombe uchungu wake. Mbege bila msesewe ni uji wa ndizi uliolala. Basi ghafla misesewe ikaacha kuota. Ikabaki mikubwa tu, ikabanduliwa hadi ikakauka, na wanawake wakawa wanapanda mpaka ukingoni mwa msitu, wakiviziana na walinzi, kutafuta gamba la kutia kwenye pombe ya harusi.

Hanna peke yake hakushangaa. Yeye alikuwa anafagia chini ya mruka. Alijua kwamba aliyekuwa ndani alitema mbegu za kila tunda aliloletewa, na kwamba mvua zikinyesha, chini ya lile tundu huota zulia la miche, misesewe na mikuyu na mingine asiyoijua jina. Alikuwa anaing'oa taratibu na kuipandikiza kwenye pakiti tupu za maziwa. Aliwahi kuchukua matunda yaliyoiva na kuyafukia mwenyewe, akangoja miezi, yakaoza. "Kuna kitu ndege anafanya ambacho mimi sijui," aliwaambia wenzake wa kwaya. Watu wakazoea kusema: ukitaka msesewe, nenda kwa Hanna. Yeye aliwasahihisha. "Nendeni kwa mzazi. Mimi ni mpokeaji tu."

Mwaka juzi, mwezi wa nane, upepo uliangusha tawi la mruka juu ya jiko. Hanna alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Arnold, ambaye ana duka la vifaa vya umeme mjini Arusha, hakufika siku hiyo wala wiki iliyofuata. Alipofika, Septemba ilikuwa inaishia, na alikuwa ameshaamua. Alizunguka mti, akaugonga kwa ubapa wa panga. Ukalia kama ngoma.

"Mama, umeoza huu. Ungechelewa dakika tano kutoka, tungekuwa tunakuzika."

"Sikuchelewa."

"Safari ijayo je?"

"Kuoza ndiko kulikompa mwenzangu nyumba. Ungekuwa mzima angekaa wapi?"

"Mpangaji wa miaka yote hiyo, hata kodi halipi."

"Analipa kwa misesewe. Wewe harusi yako ilinywewa nini, soda?"

Arnold alitaka kucheka akajizuia. Alisema alichokuja kusema: mti utaangushwa, jiko litajengwa upya, na hapo kwenye jua watapanda maparachichi. Kihamba kilikuwa chake sasa, baba yake alimkabidhi mbele ya wazee wa ukoo. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeomba. Hanna aliona kwamba mwanawe ana haki. Yeye mwenyewe, upepo ukivuma, alikuwa analala chumba cha mbele.

"Ameshaingia," Hanna alisema. "Jumanne alimalizia kuziba. Utamwangushia mzazi nyumba?"

Arnold alitazama juu. Dume lilikuwa limefika, linatoa matunda kooni.

"Pacha wako huyo yuko njiani," mama yake akaongeza.

"Mama, usianze."

"Nimemaliza."

"Anatoka lini?"

Hanna hakufikiri hata kidogo. Nani anafikiria kitu anachokijua? "Uzazi ni miezi mitatu. Jumanne ilikuwa tarehe ishirini na nne. Hesabu."

Waliingia ndani, wakasimama mbele ya kalenda ya kanisa. Arnold akazungushia kalamu tarehe ishirini na nane Desemba, kati ya siku atakazokuwa nyumbani kwa sikukuu. "Namwongezea siku nne za kufungasha," alisema. "Lakini hapo hakuna mjadala. Na kumbuka, miezi mitatu umesema wewe. Sio mimi."

"Nimesema mimi," Hanna alijibu.

Alitumaini nini? Labda kwamba miezi mitatu ni mingi, na moyo wa mtoto ni mlaini. Labda alitaka tu kumtoa mwenzake salama, mara hii ya mwisho, na baada ya hapo mti uende. Lakini kila alipofikiri hivyo alikumbuka kwamba mwenzake atarudi Septemba nyingine, na kwamba kutoka hapo hadi kijitoni hakukuwa na tundu jingine.

Novemba ikapita, mvua zikaja. Dume lilikuja mara nyingi kuliko mwanzo, mpaka mara ishirini kwa siku, likiwa limekonda. Desemba tarehe ishirini na nne Hanna aliamka akaenda dirishani. Ukuta ulikuwa umefungwa. Krismasi, umefungwa. Wajukuu walikula pilau, yeye akawa anatoka nje kila mara kama mtu anayesubiri mgeni. Tarehe ishirini na saba alipiga magoti chini ya mti akatafuta vipande vya udongo vilivyoanguka. Hakuna.

Kesho yake, Jumamosi, fundi alifika na msumeno wake wa mnyororo begani. Alikuwa mtu wa Kibosho, mrefu, mwenye maneno mengi.

"Shikamoo mama. Mimi Ludovick. Kwetu Wakatoliki leo ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, ningekuwa kanisani, lakini huyu bosi ameniambia ni kazi ya nusu siku."

"Marahaba," Hanna alisema.

Ludovick alipanda na kamba ili aufunge mti uangukie upande wa shamba. Alipofika kwenye tundu, akachungulia.

"Bosi," akaita. "Humu kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui, ila jicho linanitazama. Lina kope ndefu kama za mchumba wangu. Na kuna mwingine analia kule nyuma, mdogo."

Arnold alimgeukia mama yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Hanna. "Mama, ulisema miezi mitatu. Leo ni siku tisini na tano. Nimemlipia huyu nauli kutoka Moshi."

Hapo ndipo Hanna alipoliona kosa lake, lote kwa mara moja. Alijiona, binti wa mwaka themanini na sita, akikaa dirishani na kumwona dume kwa mara ya kwanza, na kuanza hesabu hapo. Lakini ukuta siku ile ulikuwa umeshakauka. Ndege alikuwa ameingia mwezi mzima kabla yake. Walitoka pamoja, ndiyo, lakini hawakuingia pamoja. Miaka yote alikuwa amempimia mwenzake uzazi kwa kipimo cha wanawake wa Meru, na kwa kipimo hicho akawa amemwitia msumeno.

Alitembea hadi mpakani mwa kihamba, ambako masale, mimea ya mpaka na ya kuombea radhi, yamesimama tangu enzi za babu, akakata jani moja refu, akalifunga fundo. Akarudi. Akasimama mbele ya mwanawe na kumnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Arnold alirudi nyuma hatua moja. "Mama! Unanipa mimi isale? Mama hampi mtoto isale."

"Aliyekosa ndiye anayetoa. Nimekosea hesabu. Mimi, sio yule. Hesabu yake anaijua mwenyewe aliye ndani."

"Weka chini, mama, watu wanaona."

"Waone."

Juu ya mti, Ludovick alikuwa ameshaanza kufungua kamba. "Kwetu Kibosho," alisema akishuka, "jani hilo likishatolewa, hata aliyeuliwa ndugu yake anakaa chini. Mimi hapa sigusi. Ya nauli nitamalizana na Mungu wangu."

Arnold alilipokea isale. Akaingia ndani, akalichomeka nyuma ya kalenda. "Mpaka atoke," alisema. "Akitoka, unaniambia siku hiyo hiyo."

"Nitakuambia."

Alirudi mjini. Januari ikawa ya jua kali. Hanna alikuwa anahesabu sasa, kila asubuhi, kama mtu aliyeadhibiwa. Jumatatu, tarehe ishirini na saba, siku ya mia moja ishirini na tano, alisikia kitu kinagonga kwa ndani. Vipande vya udongo vikaanguka juu ya majani makavu, vigumu kama vigae vya chungu. Kichwa kikatoka, kisha bega. Jike likajitupa nje, likaanguka zaidi ya kuruka, likatua juu ya mgomba ambao ulipinda mpaka karibu na ardhi. Alikuwa mnene, amechafuka, anafumba macho kwa mwanga. Hanna alimtambua. Hivyo ndivyo na yeye alivyokuwa, mwanzoni mwa Januari ile. Nyuma yake likatoka kinda lenye mdomo usio na pembe, likapiga kelele kijiji kizima kikasikia.

Lakini kijiji kilikuwa na kazi zake. Aliyeona ni Hanna tu.

Jumatatu hiyo hakupiga simu. Jumanne hakupiga. Jumatano Arnold ndiye aliyepiga, akauliza habari za ng'ombe, akauliza habari za mguu wa mama unaouma, mwishoni akauliza, "Na mzazi wako?" Hanna akasema, "Tunaendelea." Haukuwa uongo. Alikata simu, akabaki ameishika mkononi.

Angeweza kunyamaza. Nani angepanda kuchungulia? Angeweza kusema Februari, kisha Machi, kisha masika yangekuja na barabara ya kupandia ingekuwa tope. Na upepo wa mwezi wa nane ungekuja tena. Alhamisi asubuhi alikwenda kuangalia kalenda, akaona ncha ya lile jani imechungulia nyuma ya karatasi, imeanza kuwa kahawia. Alikuwa amelitoa yeye, mbele ya watu, kwa mikono miwili.

Akapiga simu. "Ametoka," alisema. "Tangu Jumatatu."

Nyuma ya Arnold zilisikika sauti za wateja. "Ungeweza kunificha, mama. Nisingejua."

"Najua usingejua."

"Basi nakuja Jumamosi."

"Njoo. Nitapika."

Jumamosi Ludovick alirudi, na mruka ukaangushwa kabla ya saa sita mchana. Ulianguka upande wa shamba, kama Ludovick alivyoahidi, na nyumba yote ikajaa mwanga ambao Hanna hakuwahi kuuona ndani mwake. Aliona vumbi juu ya picha ya harusi, aliona ufa kwenye kabati. Arnold alisimama na kiganja juu ya kisiki kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Ludovick akate kile kipande chenye tundu, kizima, kama mtu anayekata mzinga. Walikivuta kwa kamba wanaume wanne, wakakifunga juu ya mkuyu kijitoni. Lilikuwa wazo lake Arnold, hakuna aliyemwomba. Pasaka ilipofika, nyuki walikuwa wameingia. Hawakuuliza nyumba imetengenezewa nani.

Miche iliyokuwa chini ya mti iliungua kwa jua ndani ya wiki. Hanna aliwahi kuokoa kumi na minne. Kumi aliwagawia wapika mbege.

Septemba wakarudi. Aliyasikia mabawa kwanza, ule mvumo wa mtu anayepepeta mahindi angani, akakimbilia dirishani. Wawili, dume na jike. Walizunguka pale mti ulipokuwa, wakazunguka tena, mzunguko ule ule, kana kwamba tawi lipo na wao ndio hawalioni vizuri. Walitua juu ya bati, kucha zikateleza, wakaruka. Asubuhi ya pili wakaja. Asubuhi ya tatu jike peke yake. Hanna alimtazama mpaka akapotea juu ya kijito. Siku ya nne alikaa dirishani hadi chai ikapoa, kisha akalifunga dirisha.

Mwezi uliofuata Esther, binti yake wa mwisho, alijifungua mtoto wa kiume mjini. Hanna alifunga mzigo: ndizi za mtori, siagi, kanga mbili, na miche minne. Alimwambia Arnold anakwenda kulea uzazi wa miezi mitatu.

"Miezi mitatu ya nani, mama?" Arnold aliuliza akimpakilia mizigo.

"Nenda zako," Hanna alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Februari wote wawili wakacheka.

Miezi mitatu ilipita Januari. Wanakwaya wanauliza atarudi lini. Arnold amepanda maparachichi, yanafika magotini. Kwenye ua wa saruji anakoishi Esther hakuna ndege zaidi ya kunguru, na mtoto, anayeitwa Hans, ameshaanza kukaa. Asubuhi Hanna humtoa nje kwenye jua na kumwagia miche maji ya kuoshea mchele.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu aje. Hanna bado yuko Kaloleni, mjini Arusha, nyuma ya uwanja, chumba cha pili kutoka bombani, na misesewe yake minne iko kwenye ndoo za rangi kando ya mlango.